Aix-les-Bains: sifa kubwa ni ya ziwa

Kila anayeuelezea mji wa Aix-les-Bains, huko Savoie mashariki mwa Ufaransa, huanza na Warumi. Simlaumu. Karibu miaka 2,000 iliyopita walijenga mabafu juu ya chemchemi zake za maji moto yenye salfa, na hadi leo tao alilolisimamisha Mrumi Lucius Pompeius Campanus kuwakumbuka jamaa zake lipo katikati ya mji, karibu na mabaki ya hekalu liitwalo la mungu wa kike Diana. Kisha husifiwa wageni wakubwa: Malkia Victoria alikuja 1885, akarudi 1887 na 1890.

Mimi navutiwa zaidi na wageni wasio na majina. Ufaransa, mtu mwenye baridi yabisi akiandikiwa na daktari tiba ya maji moto, bima ya afya ya taifa humchangia gharama za matibabu ya siku 18. Raha iliyokuwa ya wafalme sasa anaipata hata mfanyakazi mstaafu, na hilo ni jambo la heshima.

Lakini kilichonifanya niuheshimu kweli mji huu ni Ziwa Bourget lililo miguuni pake. Ni miongoni mwa maziwa ya asili makubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya Ufaransa peke yake, urefu wake kilomita 18 hivi, kina chake kama mita 145. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa linaugua. Majitaka ya Aix na ya mji jirani wa Chambéry yalikuwa yakiishia humo, fosforasi ikarutubisha mwani, na mwani ukioza hula oksijeni ya samaki. Ziwa lenye kina namna hiyo hubadilisha maji yake polepole mno. Ukilichafua leo, wajukuu watakuta uchafu wako.

Wenyeji wakachukua uamuzi mgumu. Mwaka 1980 majitaka yaliyosafishwa yakaanza kupitishwa kwenye handaki la kilomita 12 hivi chini ya mlima, hadi mto Rhône. Kweli, mto ndio uliopokea mzigo, na wanaoishi kando yake wana haki ya kuuliza. Hata hivyo ziwa lilipumua, na wavuvi wanaendelea kuvua lavaret, samaki wanaojivunia huko.

Handaki hilo halina nguzo za marmar wala halipigwi picha. Ningekuwa na sauti katika baraza la mji, ningeweka bango lake pale bandarini Grand Port, liwe kubwa kuliko bango lolote la Malkia Victoria, na wanafunzi wapelekwe kuoneshwa majitaka yao yanakoelekea.