Kicheko hakimo kwenye karatasi

Rekodi yangu ya saba ya mahojiano ya tasnifu ina dakika 52. Nilikaa nayo baada ya alasiri nikijua hadi magharibi nitakuwa nimeimaliza. Niliifunga kesho yake adhuhuri. Walimu wa mbinu za utafiti husema saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno kilichosemwa. Pengine wao walihoji watu ofisini. Mimi nilihoji wakulima wa mwani kijijini Paje, Unguja, miezi ya kusi, na upepo ulisikika kuliko sisi sote.

Msimamizi wangu alinishauri nilipe vijana waninukulie, tena moja kwa moja kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya tasnifu. Nilitii kwa mahojiano mawili. Sirudii.

Kuna bibi mmoja analima tangu mwani wa biashara ulipoanza Unguja, mwaka 1989. Nilimuuliza kuhusu bei ya wanunuzi. Kwenye karatasi ya kijana nikakuta sentensi moja fupi: hawaonewi. Nikarudi kwenye sauti. Bibi kanyamaza, unasikia kamba zikivutwa, kisha: "Hatuonewi, mwanangu." Akacheka, na wenzake wakadakia, kicheko kirefu cha watu wanaojua wanachokicheka. Kijana hakukosea hata neno. Jibu tu ndilo lililomponyoka.

Nikajaribu na programu ya kompyuta. Kiswahili cha taarifa ya habari inakiweza. Lakini "bamvua" iliandika "na mvua", na "maji mafu" yakawa "maji mafupi". Sasa, bamvua ndipo maji yanapokupwa mbali mama akashuka shambani; maji mafu hukaa nyumbani. Mwezi mzima wa kazi yake ukageuzwa utabiri wa hali ya hewa!

Ndiyo maana nang'ang'ania: nukuu mwenyewe, kwa Kiswahili kile kile ulichoambiwa, na utafsiri zile nukuu tu zitakazoingia kwenye tasnifu. Mada nyingi za sura yangu ya nne sikuzipata kwenye jedwali lolote, nilizipata nikirudisha nyuma sekunde kumi kwa mara ya tano. Mwenye mahojiano 60 na ufadhili unaoisha Juni ataona najifaragua, na ana haki. Basi anukuu walau matano ya mwanzo kabla hajaajiri mtu.

Ila ajiandae kujisikiliza mwenyewe. Dakika ya 31, bibi anaanza kueleza jinsi kotonii, aina mojawapo ya mwani, ilivyokufa shambani kwake, nami namkatiza ili niwahi swali la tisa. Nilisikiliza pale nikaona haya, peke yangu chumbani.

Mwezi uliopita nilirudi Paje kumwomba amalizie. Maji yalikuwa yamekupwa, yumo shambani. Akasema tulipoishia hapakumbuki, akanipa kigingi nimshikie.