Mgeni Rasmi na Kitufe

Mjomba wangu havui nailoni. Makochi ya sebuleni kwake yana nailoni ya dukani tangu binti yake mkubwa hajajua kutembea, na leo binti huyo yuko sekondari. Ukikaa umevaa kaptula mchana wa Desemba, kuinuka ni shughuli, nusu ya ngozi ya paja inabaki kwa mwenyeji. Rimoti imo ndani ya nailoni. Friji ina nailoni mlangoni. Saa ya ukutani ina nailoni juu ya kioo, imeshapauka, kwa hiyo nyumba nzima inakwenda kwa makadirio: saa nne hivi, saa tano kasoro hivi.

Msimu wa korosho uliopita minada ilimwendea vizuri. Hela za shamba la Nanyamba zilipoingia benki akatangaza kwamba anafungua steshenari pale Mikindani, kwenye njia ya kuteremkia ufukweni, chini ya Boma. Wateja aliwaona tayari: walimu wa kuchapa mitihani, wanafunzi wa kuomba mikopo, watu wa hati za viwanja na ugomvi wa mirathi. Mikindani mirathi haiishi.

Kompyuta ya kununua nzima hakuitaka. Aliwahi kununua moja iliyotumika, ikazima Ramadhani ikiwa bado mbichi, na aliyemuuzia akasema ni hewa ya chumvi. Safari hii akaapa tuunde ya kwetu, vipuri vipya, kila kimoja na boksi lake, kutoka Kariakoo. Mpwa aliyesoma mambo hayo ni mimi, ninayekaa Mtwara mjini, Chuno. Na kwetu huku mjomba akisema, mpwa hajibu, anakuja na bisibisi.

Vipuri vikasafiri kwa basi kilomita zaidi ya 500, vikafika salama kuliko abiria. Kasha la kompyuta lilikuwa zuri kweli, jeusi la kung'aa, na uso wake wa mbele umefunikwa nailoni nyembamba ya kiwandani.

"Mpwa, hiyo usiiguse," mjomba akasema kabla sijaweka chini mfuko.

"Mjomba, kitufe cha kuwashia kiko chini yake."

"Kitabonyezeka humohumo."

Usiku ule nikaunda. Mazabodi, ule ubao mkuu wa saketi, prosesa, ramu, diski, pawa saplai ya kugawa umeme, kila kitu kikakaa mahali pake, na fundi yeyote anajua raha ya kazi inayokubali. Kitufe ndicho kilichokuwa kikiteleza chini ya nailoni, basi nikabandua kipembe kidogo tu, mjomba akiwa msikitini, nikabonyeza. Feni zikazunguka, monita ikaleta maandishi. Nikaweka Windows, nikaiacha ikamilike, nikazima, nikachomoa waya, nikalala kwenye kochi. Yaani juu ya nailoni.

Asubuhi nikakuta mjomba amekodi viti.

Sikuambiwa kuna uzinduzi. Kulikuwa na turubai, spika mbili, utepe mwekundu mlangoni, shehe wa dua, walimu wa jirani, na watoto wote wa Mikindani ambao hawakualikwa. Mkazamjomba alikuwa amepika vitumbua vya ndoo nzima na supu ya pweza. Bibi amekaa kwenye mkeka wake mbele kabisa. Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa mtaa, kavaa suti ya kaunda, kashika karatasi.

Hotuba ilianzia mbali. Tukakumbushwa kwamba Livingstone alipita hapahapa mwaka 1866 kabla ya kuingia bara, kwamba Mjerumani akajenga Boma mwaka 1895, na kwamba leo hii, ndugu wananchi, ni zamu ya kompyuta. Mtu aliyekuwa nyuma akauliza kati ya 1895 na leo hakukutokea kitu? Akanyamazishwa.

Utepe ukakatwa. Mimi nikawasha swichi ya ukutani. Hapo kompyuta, bila kuguswa na mtu, ikawaka yenyewe: feni zikavuma, taa ya buluu ikang'aa, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akaniangalia vibaya, maana alikuwa bado hajabonyeza. Kabla sijajua nimjibu nini, ikazima. Kama sekunde nne hivi, kwisha.

"Sasa bonyeza, mheshimiwa," mjomba akasema.

Mwenyekiti akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kimya. Akabonyeza huku akitazama kamera ya simu, akitabasamu, na tabasamu likaanza kumfia mdomoni.

Mtwara mtu hakosi la kusema kitu kikigoma. Mzee mmoja wa barazani akasema umeme wetu mwembamba: gesi inachimbwa hapa Mnazi Bay, inavutwa bombani mpaka Dar, sisi tunaachiwa ya kuwashia balbu. Mwalimu wa hesabu akasema ni virusi. Mkazamjomba akakimbilia mita ya LUKU, akarudi akitangaza kwamba yuniti zimo tele na asisingiziwe mtu. Nikaomba pasi, nikaichomeka kwenye soketi ileile, ikashika moto, na kijana mmoja akaitumia palepale kunyoosha shati lake. Kwa hiyo ukuta ulikuwa mzima.

Nikageuka nyuma ya kasha. Kile kiswichi cha pawa saplai kilikuwa kwenye alama ya kijiti, siyo duara, maana yake umeme unapita. Nikafungua ubavu. Plagi kubwa ya pini 24 imezama mpaka mwisho. Ile ya prosesa, ya pini nane pale juu pembeni, ambayo ndiyo inasahaulika na wengi, nayo imo. Ramu nikazitoa nikazirudisha mpaka zikalia *ta*. Nikachomoa waya wa umeme, nikarudisha: sekunde nne, ikazima. Nikabonyeza kitufe: kimya.

"Hicho kitu kina ntu ndani," bibi akasema. "Kinachungulia, kikituona kinarudi."

Hapo ndipo mjomba alipotuma mtoto kumwita fundi redio. Huyu mzee ametengeneza redio tangu zile za mbao, na kompyuta anaziita redio zenye kioo. Alikuja na mita yake na miwani iliyofungwa uzi, akala vitumbua kwanza, ndipo akanitaka nimweleze dalili. Nikamweleza. Akaniuliza kama pawa saplai nimeipima peke yake. Nilikuwa bado. Akamwomba mkazamjomba kibanio cha nywele, akakikunja, tukaichomoa ile plagi ya 24 kutoka kwenye mazabodi, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi jirani yake. Nikawasha. Feni ya pawa saplai ikazunguka na haikusimama.

"Hii haina kosa," akasema, akarudisha kibanio kwa mwenyewe kwa heshima zote.

Basi tukatoa kila kitu nje ya kasha, tukakitandaza juu ya boksi la mazabodi, maana karatasi ngumu haipitishi umeme. Ukifanya hivyo unabaki bila kitufe, kwa sababu kitufe ni cha kasha. Unachukua bisibisi na kugusanisha pini mbili tu, zile za kuwashia, mara moja, unaachia. Nikagusa. Ikawaka. Tukahesabu sekunde kwa sauti, mtaa mzima, na tulipofika kumi vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti akasimama, akafunga vifungo vya suti. Tukazima, tukarudisha vyote ndani ya kasha, tukafunga, tukawasha.

Sekunde nne.

"Inataka kukaa nje," bibi akasema. "Ina joto."

Mimi na fundi tukakubaliana kwa mara ya kwanza: kasha linapiga shoti. Mazabodi haikai moja kwa moja kwenye bati, inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na kinguzo kimoja kikizidi mahali pasipo na tundu kinagusa saketi kwa chini, basi habari imekwisha. Tukavihesabu, tukavilinganisha na matundu kimoja kimoja. Vilikuwa sawasawa. Fundi akashauri tuweke kitu cha kuzuia katikati ya bati na mazabodi.

"Nailoni!" mjomba akaruka. Sijapata kumwona na furaha vile. Alikuwa ameshaanza kuipekua akiba yake chini ya kaunta.

Nikakataa kwa adabu, nikaeleza habari ya joto. Akasema makochi yake hayajawahi kuungua. Tukapoteza muda mrefu hapo.

Katikati ya mabishano bibi akaingia na chetezo. Hakuomba ruhusa. Akauzungusha moshi wa ubani juu ya kasha, chini ya kasha, na kwa shehe, ambaye hakuwa anahusika. Chumba kikajaa, watu wakakohoa, mwalimu wa hesabu akatoka nje. Bibi akaamuru niwashe. Nikawasha, feni zikavuma sekunde zilezile, zikakata.

"Mmeona?" akasema. "Inaitika."

Nikakaa chini sakafuni. Supu ilikuwa imepoa na watoto walikuwa wameanza kuuzindua upya ule utepe kwa kuufunga na kuukata. Nikawa najiuliza nje ya kasha kuna nini ambacho ndani hakuna. Mazabodi ni ileile. Pawa saplai ni ileile. Waya zilezile. Kule nje tuliwasha kwa bisibisi, humu ndani tunawasha kwa kitufe.

Nikainuka. Nikachomoa zile waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kitufe, nikaacha kila kingine ndani ya kasha kilivyo, nikawasha ukutani. Safari hii haikuwaka yenyewe. Ilitulia, ikasubiri. Nikagusa pini kwa bisibisi, ikawaka, na haikuzima. Tukafika kumi, tukafika ishirini, watu wakachoka kuhesabu.

Fundi alinitazama juu ya miwani. Tukazunguka mbele ya kasha wote wawili bila kusemezana. Akapitisha ukucha juu ya nailoni, taratibu, karibu na kitufe, na ukucha ukakwama. Palikuwa na selotepu. Siyo moja, zilipandana, safi, bila hata povu la hewa, ng'avu juu ya nailoni ng'avu, zimevutwa kutoka pembe hii mpaka ile. Chini yake kitufe kilikuwa kimelala ndani, kimebanwa, hakina pa kwenda.

Kompyuta nayo ina utaratibu wake: ukishikilia kitufe bila kuachia kama sekunde nne, inaelewa umeamua kuizima kwa nguvu, inazima. Kitufe hiki kilikuwa kimeshikiliwa tangu alfajiri. Umeme ukifika inajiona imebonyezwa, inawaka; sekunde nne zikipita inajiona imeshikiliwa, inazima. Mwenyekiti naye alikuwa anabonyeza kitufe kilichokwisha kubonyezwa. Mashine ilikuwa na utii kuliko sisi wote.

"Mjomba," nikasema polepole, "hii selotepu…"

"Ah, hiyo," akasema, na alisema kwa fahari. "Nilipotoka kuswali alfajiri nikakuta pembe imebanduka. Nadhani ni panya. Nikaivuta, nikaibana vizuri."

Nikamtazama fundi. Mbele ya shehe, mwenyekiti, mkewe na mama yake mzazi, mpwa hawezi kumwambia mjomba wake neno. Fundi ni mtu mzima, akaliona. Akakohoa.

"Kulikuwa na mgandamizo," akatangaza.

"Wa umeme?" mjomba akauliza.

"Wa… wa upande wa mbele."

"Si nilisema umeme!" yule mzee wa barazani akapaza sauti, na akapongezwa.

Mjomba hakukubali nailoni ivuliwe hata hivyo. Alileta wembe, akakata duara dogo kuzunguka kitufe, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa madaktari, na kuzunguka lile duara akapiga selotepu mpya ili lisichanike. Nikamsimamia. Nikarudisha waya mbili, nikabonyeza, kitufe kikazama na kuinuka chenyewe. Kompyuta ikawaka. Windows ikafunguka. Printa ikavuma. Mwalimu wa hesabu akarudi ndani na mtihani wake wa kidato cha pili mkononi, akawa wa kwanza kwenye foleni.

Sasa mimi nilidhani tumemaliza. Nilikuwa na kitumbua mkononi, nikaelekea kwenye sufuria ya supu kuangalia kama kuna mkia wa pweza umebaki. Nyuma yangu nikasikia kiti kinavutwa, kipaza sauti kinapulizwa, na sauti ya mwenyekiti ikisema kwamba yeye aliitwa hapa kubonyeza, na haondoki bila kubonyeza na kupigwa picha.

"Mheshimiwa, subiri, imeshawa—" nikaanza.

"Kwa mamlaka niliyopewa na wananchi wa mtaa huu," akasema, akatazama kamera, akabonyeza.

Watu wakapiga makofi. Mkazamjomba akapiga kigelegele kirefu. Kwenye monita Windows ikaaga kwa adabu, feni zikapungua sauti, taa ya buluu ikazima.

Mjomba akaitazama kompyuta. Akamtazama fundi. Kisha akageukia kwenye mkeka.

"Mama," akasema, "ule ubani umebaki?"