Kidonge cha usiku, bingwa wa mbali

Mtoto ameketi na wenzake, sinia la ugali liko mbele yao. Mara kichwa kinadondoka, kinainuka, kinadondoka tena, kama cha mtu aliyezidiwa na usingizi. Hajalala. Mkono umeganda na tonge, haujafika mdomoni. Kule Mahenge, milima ya Ulanga mkoani Morogoro, hali hiyo ina jina lake: amesinzia kichwa. Na wazazi wa huko wanajua kinachoweza kufuata. Wengi wa watoto hao baadaye huanza kuanguka kifafa chenyewe, na penye mafiga na mto, kuanguka si jambo la kupangusa vumbi ukaendelea.

Mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Aliwakuta Wapogoro wenye ugonjwa huo wakitengwa, kwa kuwa iliaminika mate na mikojo ya mgonjwa huambukiza. Mtu akiangukia motoni, aliye karibu alisita kumgusa. Daktari alimsikiliza mgonjwa na ndugu zake, akauliza kuanguka kulianzaje na kulikwishaje, akatoa vidonge, hasa fenobabitoni. Hakuna picha ya ubongo iliyopigwa kule mlimani. Wapo walioacha kuanguka, wakarudi shambani, wakarudi kula sinia moja na ndugu zao.

Nimeanzia Mahenge kwa sababu ubishi wa leo kuhusu maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu katika nchi maskini unaanzia hapohapo. Upande mmoja unasema: shusheni kifafa hadi zahanati, muuguzi na tabibu wafundishwe, dawa ya bei nafuu itolewe leo, wala tusingoje. Upande wa pili unajibu kwa hasira kidogo: hiyo ni tiba ya daraja la tatu mliyoipamba. Tajiri anapata EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), picha ya ubongo na dawa za kisasa, maskini anapata kidonge cha enzi za babu yake na mtu asiyeusomea ugonjwa. Someshe­ni madaktari bingwa.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu 80 kati ya kila 100 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri wanafika 70 katika 100. Lakini katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba wanayohitaji. Upande wa wataalamu, shirika hilo lilipohesabu lilikuta nchi tajiri zina 7.1 kwa kila watu 100,000, ukijumlisha madaktari wa mishipa ya fahamu wa wakubwa na wa watoto pamoja na wapasuaji wa ubongo. Nchi za kipato cha chini zina 0.1. Yaani mmoja kwa watu milioni. (Tanzania ilihamia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020 kwa vipimo vya Benki ya Dunia. Sidhani kama kuna mgonjwa wa kijijini Ulanga aliyeisikia habari hiyo kwenye ubongo wake.)

Wanaotaka kifafa kishuke zahanati wana ushahidi wa hapa nyumbani Afrika Mashariki. Nakuru, Kenya, wagonjwa 302 ambao hawakuwa wakitibiwa waliwekwa kwenye dawa chini ya watumishi wa kawaida wa afya ya msingi, wengine wakipewa fenobabitoni na wengine kabamazepini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Waliomaliza mwaka mzima walikuwa 249, na katika miezi sita ya mwisho 53 katika kila 100 hawakuanguka hata mara moja. Dawa zote mbili zilikwenda sambamba. Fenobabitoni yenyewe inatumika kwa kifafa tangu 1912. Hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza mara moja tu, usiku kabla ya kulala, na tiba ya mwaka mzima inaweza kushuka hadi dola 5 za Marekani. Mtu ambaye mwanawe ameungua mkono mara mbili hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Hata hivyo, upande wa pili hausemi ovyo, na ninaona watetezi wa zahanati wana tabia ya kuupita haraka. Si kila anayeanguka ana kifafa. Mtoto hupata degedege kwa homa ya malaria, mzee huzimia kwa moyo kudunda vibaya, mgonjwa wa kisukari huanguka sukari ikishuka, na msichana aliyebeba jambo zito huanguka na kutetemeka ilhali umeme wa ubongo wake ni mzima. Ukiwapa wote hawa fenobabitoni, umewalevya bila kuwatibu, na yule wa moyo umemwacha afe na kadi ya kifafa mkononi.

Halafu kuna kisababishi. Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, na maeneo mengine wanakofuga nguruwe huria, mayai ya tegu wa nguruwe yanayomezwa kupitia mikono au chakula kichafu huishia kuwa vifuko ndani ya ubongo, na kifafa huanza ukubwani kwa mtu ambaye hakuwahi kuanguka. Dawa ya minyoo ipo. Lakini ikitolewa gizani kwa mwenye vifuko vingi, vifuko hufa kwa pamoja, ubongo huvimba, na mgonjwa huweza kufa kwa dawa uliyompa kwa nia njema. Hapo picha ya ubongo si anasa.

Fenobabitoni nayo ina tabia zake. Watoto wengine huwafanya wachachamae, wengine waduwae darasani hadi mwalimu adhani hawana akili. Huchochea ini kuchoma dawa nyingine upesi. Dolutegraviri, ambayo ndiyo nguzo ya dawa za VVU siku hizi, hushuka kwenye damu, na vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu. Tabibu asiyejua hilo anaweza kutuliza kifafa huku akivifungulia mlango virusi. Ukimkimbiza mama kijana kwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa, unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haya yote yanataka mtu aliyesoma, na maelekezo ya kurasa mbili yaliyobandikwa ukutani hayatoshi.

Na kifafa afadhali, kwa maana kinajitangaza: mtu ameanguka sokoni, kila mtu ameona. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa wa Parkinson, waliwakuta wazee wanaotetemeka na kuburuta miguu, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewaambia wanaugua nini. Ilidhaniwa ni uzee. Zahanati yenye vidonge vya kifafa haimsaidii mzee huyo hata kidogo.

Hoja hizo ni nzito, sioni ya kuitupa. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwamba basi tungoje. Wale 47 katika 100 wa Nakuru ambao waliendelea kuanguka ndio hasa wanaomhitaji bingwa, na huwezi kuwajua mpaka umewatibu wote 100. Bila ngazi ya chini, bingwa wa mjini anakaa na foleni ya watu ambao tatizo lao kubwa lilikuwa nauli.

Lakini pande zote mbili, naona, zinabishana juu ya siku ya kwanza: nani amtambue mgonjwa, nani aandike dawa. Tiba ya ugonjwa huu hushindikana mwezi wa nne tangu dawa ianze. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti hawakuridhika na kuuliza watu kama wanameza dawa, walipima damu. Zaidi ya 60 katika kila 100 ya wenye kifafa hawakuwa na tiba mwilini mwao. Kati ya mambo yaliyoambatana na hali hiyo ni umbali wa kituo na kulipia dawa. Si wote hao waliokosa utambuzi. Wapo waliokwishaambiwa wanaugua nini, wakaandikiwa, wakaanza, kisha njia ikakatika.

Hapa ndipo wanaotetea kidonge cha bei nafuu wanastahili kubanwa. Fenobabitoni haiachwi ghafla. Ubongo uliozoea dawa hiyo ukinyimwa, mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka kati ya mara moja na nyingine, na wengine hufia hapo. Kwa hiyo zahanati inayompa mgonjwa vidonge vya miezi mitatu kisha ikamwambia dawa imekwisha, aje wiki ijayo, imemweka mahali pabaya kuliko ilivyomkuta. Na dawa hii huisha kirahisi. Imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa za kulevya akili, kwa hiyo kuingiza shehena kunataka vibali, na kuitunza kunataka kabati lenye kufuli. Aliye na ufunguo akienda likizo, kifafa hakiendi naye. Juu ya hayo, kidonge kinachouzwa karibu bei ya pipi hakimtajirishi mtu, na bidhaa isiyo na faida haina wakili mahali popote pale.

Ndiyo maana simcheki mzazi anayeanza kwa mganga. Mganga yupo hata saa mbili usiku, anasikiliza ukoo mzima, anapokea kuku badala ya fedha, na hajawahi kusema dawa imeisha bohari. Tumemshinda kwa elimu. Kwa kupatikana, bado.

Tena tunajua zahanati hizihizi zinaweza. Mwenye VVU kijijini anachukua dawa zake pale pale, akitulia anapewa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, na asipofika anafuatiliwa. Hakuna aliyesema tungoje kila wilaya ipate bingwa wa VVU. Ni kweli fedha za wafadhili zilimwagika huko, na kifafa hakina mfadhili wa namna hiyo. Lakini njia imekwishalimwa, kabati lipo, daftari lipo, muuguzi anajua maana ya kumfuata aliyetoweka. Sioni sababu ya mgonjwa wa kifafa aliyetulia mwaka mzima kusafiri kila mwezi kwa vidonge thelathini, isipokuwa kwamba kanuni za dawa zenye kufuli ziliandikwa kwa kumfikiria mlevi badala ya mgonjwa.

Turudi Ulanga, kwa maana kuna jambo ambalo haliingii vizuri katika upande wowote. Mito ya huko inazaa usubi, inzi mdogo anayeeneza minyoo ya upofu. Kwa miaka mingi sasa watafiti wameona kwamba vijiji vyenye usubi mkali ndivyo vyenye kifafa kingi na watoto wengi wanaosinzia kichwa, ingawa jinsi minyoo hiyo inavyoufikia ubongo bado wanasayansi wanabishana. Mwaka 2019 ugawaji wa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, huko uliongezwa kutoka mara moja hadi mara mbili kwa mwaka, na utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha wagonjwa wapya wa kifafa wakipungua. Kazi hiyo haikufanywa na daktari wa ubongo. Imefanywa na mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake, anayepita na kijiti cha kupimia urefu ili ajue nani ameze vidonge vingapi. Lakini uhusiano wenyewe wa usubi na kifafa usingethibitishwa na kijiti. Ulihitaji wasomi, maabara na miaka ya kuhesabu. Kila upande unaweza kuudai ushindi huo, na kila upande utakuwa umesema nusu.

Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu hadi 2031, ukitaka huduma ya kifafa iongezeke kwa nusu ya ilivyokuwa 2021. Maneno yake ni mazuri, na yanazitaja ngazi zote, za chini na za juu. Mimi ningeutazama kwa jambo dogo zaidi. Bingwa mmoja wa hospitali ya rufaa akipanda Mahenge mara nne kwa mwaka, akae siku tano, aonane na wale tu ambao muuguzi amewaandika daftarini kwamba wanameza kila usiku na bado wanaanguka, na wale ambao muuguzi hana hakika nao, na kina mama wanaotaka kuzaa, orodha hiyo inaweza kuisha. Gharama yake ni mafuta ya gari na posho ya siku ishirini. Kisha nitafute kwenye bajeti ya halmashauri kifungu cha safari hiyo.