Funksheni ya lazima ikaguliwe wakati wa kusajili

Funksheni ya lazima ikikosekana, draiva (programu inayoendesha kifaa) ikataliwe pale pale inapojisajili kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kusubiri mpaka iitwe ni kuchelewa.

Draiva ya Linux huikabidhi kerneli strakti, yaani jedwali la data, iliyojaa pointa (anwani) za funksheni: ya kufungua, ya kusoma, ya kuandika. Baadhi hujazwa, baadhi huachwa NULL, yaani tupu. Hatari huingia pale ambapo haijaandikwa popote ni zipi zinaruhusiwa kuachwa.

Mwaka 2009 Tavis Ormandy na Julien Tinnes walifichua mwanya wa usalama, CVE-2009-2692. Itifaki za mtandao nazo huikabidhi kerneli strakti ya namna hiyo, na funksheni ya kerneli sock_sendpage, ya kutuma data, iliiita pointa ya sendpage iliyomo bila kuikagua. Desturi ilikuwa kwamba itifaki isiyo na sendpage yake ijaze sock_no_sendpage, funksheni mbadala ya kerneli, lakini kadhaa, Bluetooth ikiwemo, hazikujaza kitu. Kerneli ikawa inaruka hadi anwani sifuri ya kumbukumbu, na mtumiaji wa kawaida aliyefanikiwa kuweka msimbo wake hapo alijitwalia mamlaka yote ya mashine. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2001, katika matoleo ya Linux ya 2.4 na 2.6. Miaka minane! Aliyeandika mwito aliamini nafasi ile hujazwa daima. Aliyeandika itifaki aliamini anaweza kuiacha. Kila upande ukiusoma peke yake, huoni kosa.

Wapo wanaosema dawa ni kupima NULL kila mahali. Sikubaliani nao. Ukaguzi ukitapakaa, anayesoma msimbo hajui tena kipi ni cha lazima, na sehemu moja ikisahauliwa tunarudi kule kule. Kiraka cha 2009 kilifanya vizuri zaidi: miito ilipitishwa kwenye funksheni moja, kernel_sendpage, na ukaguzi ukakaa humo.

Za hiari nazo zinahitaji maandishi. Katika file_operations, strakti ya funksheni za faili, open ikiachwa tupu, faili hufunguka bila shida; mmap ikiachwa, programu hurudishiwa msimbo wa kosa ENODEV; ioctl ikiachwa, hurudishiwa ENOTTY. Nani angekisia hayo?

Ninaoupenda ni mfumo wa clk, sehemu ya kerneli inayosimamia saa za vifaa, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo wao. Ukileta set_rate (ya kuweka kasi ya saa) bila recalc_rate (ya kuikokotoa kasi hiyo), usajili hukataliwa kwa kosa la EINVAL na sababu huandikwa kwenye logi. Mwandishi wa draiva huliona kosa mara ya kwanza anapoipakia, akiwa bado mezani kwake.