Tenda kapewa wa bei ya chini: tumlaumu mzabuni au mlipaji?

Madawati ya shule yakianza kulegea kabla mwaka haujaisha, maneno ya watu ni yale yale, "si walimpa wa bei ya chini, walitegemea nini?" Sibishi sana. Mtu akishusha bei mpaka chini ya gharama ya mbao lazima afidie mahali, ama mbao mbichi, ama chuma chembamba, ama anachelewesha mzigo akitafuta pa kukopa.

Ila tuwe wakweli, sheria ya manunuzi ya umma ya Tanzania haisemi chukua rahisi ufunge. Kwanza unapita kwenye nyaraka, vigezo vya kiufundi na uwezo wa kifedha, ndo bei inaangaliwa. Kinachoniudhi ni kwamba hapo kati watu wanapita kwa makaratasi, leseni ipo, TIN ipo, mikataba ya nyuma ipo, basi. Mkataba wa nyuma unaonyesha ulipewa kazi, hauonyeshi mzigo ulifika lini wala ulidumu muda gani.

Wengine wanasema basi afisa ugavi aachiwe achague anayemwamini kwa ubora. Mmh. Hapo ndo mashemeji wanapopitia. Bei ina uzuri wake, ni namba, kila mtu anaiona, na aliyekosa akipeleka malalamiko kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi husika) na baadae rufaa PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni, ana kitu cha kushika. Ubora utabishaniwa mpaka kesho. Na NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, ilipoingia 2023 tenda zikahamia humo, angalau ile ya bahasha kupotea mezani imepungua nguvu, japo mfumo hauwezi kwenda stoo kupima unene wa mbao, hiyo ni kazi ya kamati ya mapokezi na ukiwauliza wengi wao wanasaini tu.

Halafu kuna hili la malipo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Supplaya mzuri anajua akileta mzigo halmashauri anaweza kukaa miezi bila kulipwa, huku benki inadai riba na TRA nao hawangoji. Anafanyaje? Ama anapandisha bei ili kujikinga, anakosa tenda, ama anaacha kabisa kuomba. Wanaobaki ni wenye mtaji wa kusubiri na wale wanaoshusha bei wakijua watapunja kwenye mzigo. Sasa hapo hata ukiweka vigezo vya dhahabu unachagua kati ya hao hao waliobaki. Kenya nako ni kilio kile kile cha madeni ya wazabuni.

Ile asilimia 30 ya manunuzi inayotengewa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu nayo inaumia hapa hapa. Ukiweka uzoefu wa miaka mitano umewafungia nje, ukiulegeza unapata kikundi kisicho na mtaji kinachokwama LPO (oda ya manunuzi) ya kwanza ikichelewa kulipwa, alafu tunasema vijana hawawezi kazi. Mimi ningelegeza uzoefu, nikakaza ukaguzi wa mzigo, na kwenye mfumo, pembeni ya rekodi ya mzabuni, niweke na siku ambazo taasisi yenyewe inachukua kulipa.