Antena ya gari si kipande chochote cha waya

Antena ya Land Rover yangu ilikatwa na tawi nikipanda Amani kutokea Muheza. Hilo sawa, msitu ni msitu. Kinachonikera ni mafundi wetu hapa Tanga mjini. Wa kwanza kanifungia kipande cha waya wa umeme, eti "itashika tu, kaka". Wa pili kaweka antena mpya, lakini kaikaza juu ya rangi na kutu! Jamani, kitako cha antena lazima kiguse bati tupu la bodi; pasipo ethi, yaani muungano wa umeme na bodi ya gari, redio inakoroma tu. Na huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, kutu inarudi upesi. Sugua kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza nati, kisha paka grisi juu yake. Ni kazi ndogo! Urefu nao haukisiwi: mawimbi ya FM, megahezi 88 hadi 108, yanataka antena ya kama sentimita 75. Wao wanakata popote. Nimelipa mara mbili, na magazeti ya asubuhi yanayosomwa redioni bado nayasikia nusunusu. Nikifika Pongwe, kimya. Jumamosi naifungua mwenyewe.