Anayekukopesha, wito wa mahakama utamfikia wapi?

Ukikopa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, hapa Mwanza, mkopeshaji anakujua kuliko shemeji zako. Ana picha yako, namba ya NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa na simu za wadhamini wako, na afisa wake ameshafika hadi sebuleni kuhesabu makochi. Wewe unamjua kwa lipi? Namba ya simu, jina kwenye bango, na kijana wa marejesho anayepita kila wiki. Naamini haki ya mkopaji inafia hapo, kabla hakimu hajafungua jalada.

Wengi wanadhani kesi ya mkopo ni ya mkopeshaji kumshtaki mkopaji tu. Namfahamu mama mmoja wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Alimaliza deni, ujumbe wa miamala anao kwenye simu, lakini injini ya mtumbwi aliyoweka rehani haikurudi. Akafungua shauri. Msambaza nyaraka wa mahakama alipofika kwenye ofisi aliyokopea, akakuta fremu imeshakuwa saluni. Simu haipokelewi. Wito ukarudi mahakamani na maelezo kwamba mhusika hajapatikana, shauri likaahirishwa, kisha likaahirishwa tena. Na kila tarehe ya kesi ni siku ambayo mzigo wake umelala bila mwenyewe.

Wapo waliomshauri wito aachiwe mlinzi yeyote wa jengo, kisha mama asikilizwe peke yake, mambo yaishe. Hapo mimi sikubali. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na mkopeshaji, hata awe na roho ngumu kiasi gani, yumo. Tena njia hiyo inamrudia mwenyewe: hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, mtu akithibitisha kwamba wito haukumfikia inavyotakiwa. Unashinda leo, kesho mnaanza upya.

Sheria yenyewe haikumwacha mdai hewani. Kuanzia Mahakama ya Wilaya, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imeweka ngazi zake katika Amri ya V. Kwanza anakabidhiwa mhusika mwenyewe au wakala aliyemruhusu kupokea. Akikosekana, apewe mtu mzima wa familia anayeishi naye. Mfanyakazi wa ndani hahesabiwi. Mpokeaji akikataa kusaini, nakala inabandikwa mlangoni pa nyumba anayoishi mhusika au anapofanyia biashara, na mpelekaji anaeleza alivyofanya na nani alishuhudia. Hayo yote yakishindikana ndipo unaiomba mahakama iruhusu njia mbadala, kama tangazo gazetini. Kwa kampuni kuna Amri ya XXVIII: wito anapewa katibu, mkurugenzi au afisa wake mkuu, ama unapelekwa ofisi iliyosajiliwa. Kwa hiyo bango likishatoweka, nenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na biashara, kwanza, ukaombe taarifa za kampuni hiyo kwa jina lake.

Lakini ona ngazi hizo zinavyotegemea kitu kimoja: mlango unaojulikana. Huwezi kubandika karatasi kwenye namba ya simu. Mkopeshaji akiwa mtu binafsi, hana kampuni wala jina la biashara lililosajiliwa, anatembea na daftari kutoka Igoma hadi visiwa vya Ukerewe, BRELA haitakusaidia kitu. Gazeti nalo ni gharama, na kwa mtu anayedai injini ya mtumbwi gharama hiyo inauma.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeshamtaka hata mkopeshaji binafsi awe na leseni. Ninachotaka kiongezwe ni kifupi. Kila mkataba wa mkopo uandikwe mahali pa kupokelea nyaraka za mahakama: mtaa, jengo, jina la mtu atakayepokea. Mkopeshaji akihama, awajulishe wakopaji wake kwa maandishi. Asipofanya hivyo, wito uliopelekwa pale palipoandikwa uhesabike umemfikia. Na mkopaji aondoke na nakala yake siku hiyohiyo, maana wengi wetu tunasaini karatasi ambayo hatuioni tena mpaka siku ya kunyang'anywa mali.

Najua wakopeshaji watalalamika kwamba kujianika hivyo ni hatari, kuna wadaiwa wakorofi. Mwenye duka la dawa ana anwani, wakili ana anwani, hata fundi wa nyavu kule Igombe anajulikana anakaa wapi. Mtu aliyepewa leseni ya kukopesha na kushika rehani injini ya mwenzake hawezi kudai kwamba yeye pekee asijulikane anapopatikana. Mpaka sheria iseme hivyo, muulize afisa wa mkopo wito wa mahakama utamfikia wapi mkopeshaji, kabla hujashika kalamu, na jibu lake aliandike kwenye mkataba, kwa mkono wake, mbele ya mdhamini wako.